Krotoni ya Matai haijarogwa

Wadau, ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa Dar, utani unaanza hapo hapo: radi, ungo, uchawi. Hapa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, nimeusikia hadi kwenye ua la sebuleni. Mtu anahamishiwa kazi, anakuja na krotoni yake toka Dar, majani mekundu, ya njano, ya chungwa. Ikifika Juni yanapukutika. "Limerogwa," anasema, kisha analitupa.

Mimi utani huu haunichekeshi sana. Katika nchi hii kuna vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma huanza pale tunapochoka kutafuta sababu. Sababu ya krotoni ipo kwenye historia yake.

Kwao ni visiwa vya joto vya Maluku, Indonesia ya leo, na Pasifiki. Mikarafuu ya Zanzibar nayo asili yake ni huko huko Maluku. Rumphius, Mjerumani aliyetumikia kampuni ya Waholanzi kisiwani Ambon hadi kifo chake mwaka 1702, aliieleza krotoni katika kitabu kilichoanza kuchapishwa 1741.

Kuufikisha mmea kama huu Ulaya ukiwa hai ilikuwa kazi. Chumvi ya bahari na baridi viliua mimea mingi melini. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, aliona mmea mdogo umeota ndani ya chupa iliyofungwa. Akabuni masanduku ya kioo, na mwaka 1833 mimea ikasafiri ndani yake hadi Sydney salama. Miaka ya 1860 John Gould Veitch alizunguka Pasifiki akikusanya mimea kwa ajili ya bustani ya biashara ya familia yake, Chelsea. Matajiri wakazilea krotoni kwenye nyumba za vioo zilizopashwa moto.

Kumbe wenzetu walikuwa wanainunulia joto! Sisi Ufipa tuko juu, zaidi ya meta 1,500, na kipupwe cha Juni na Julai hakina mzaha. Krotoni huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi.

Sasa ufanyeje? Mchana iweke penye mwanga mwingi, maana gizani majani mapya hutoka ya kijani. Usiku isogeze mbali na dirisha na upepo wa mlangoni. Usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Baridi na maji mengi huozesha mizizi. Utomvu wake una sumu, hivyo watoto wasiuchezee. Majani yakidondoka, kwaruza shina kwa ukucha. Ukiona kijani, bado iko hai, itachipua joto likirudi.

Wenyeji husema Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tutupe huo, ua tuliache.