Betri za mtumba na mji wa Namie

Mimi ni fundi wa sola hapa Mombasa, na betri ya Nissan Leaf naijua kwa mikono. Zile za mwanzo zina moduli 48 bapa, kila moja na seli nne, jumla kilowati-saa 24. Hazina maji ya kuzipoza, na joto huzila polepole. Mnunuzi akiuliza "imebakiza ngapi?", jicho halina jibu.

Wajapani walilifikiria hilo mapema. Mwaka 2010, Leaf ya kwanza haijamfikia mteja, Nissan na Sumitomo walikuwa wameshaunda 4R Energy ili betri hizo zipate kazi ya pili. Kiwanda chao kilifunguliwa Machi 2018 huko Namie, Fukushima, mji uliohamwa wote baada ya ajali ya nyuklia ya 2011. Sehemu yake ilikuwa imeruhusiwa kukaliwa tena mwaka mmoja tu kabla. Kwa maoni yangu, siasa ilichangia kuchagua mahali hapo.

Hesabu ndiyo iliyowasumbua. Mwanzoni, kupima moduli 48 za betri moja kulichukua siku 16. Siku 16 za mshahara, kwa mtumba! Baadaye wakafikia saa nne. Nzuri zilirudi garini, za kati zikaenda kwenye foklifti na hifadhi ya umeme, hafifu zikawekwa akiba ya siku umeme unapokatika. Mei 2018 betri iliyofanyiwa ukarabati iliuzwa yeni 300,000, mpya ikiwa 650,000.

Chini ya nusu bei, sawa. Lakini bei ya mpya haikungoja. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri mpya ilizidi dola 1,000. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Gharama ya kufungua na kusafirisha mzigo unaohesabiwa wa hatari haikushuka hivyo. Tena betri zenyewe zilichelewa kuja: zilidumu garini, na Leaf nyingi ziliuzwa nje ya Japani zingali zinatembea, zikiwemo zinazoshushwa hapa kwetu, bandari ya Kilindini.

Matumizi yanayonivutia ni ya kampuni ya reli ya JR East, iliyoanza mwaka 2021 kuweka betri hizi za mtumba kwenye vizuizi vya makutano ya reli na barabara badala ya betri za risasi. Mteja mmoja, kazi moja, isiyobadilika. Wangu mmoja ana friji ya samaki, mwingine pampu ya kisima, na wote wanataka dhamana ya maandishi kwa betri ambayo sijui ilikimbizwa barabara gani. Naandika miezi sita. Wengi huisoma, wakashukuru, wakaenda kununua mpya ya Kichina.