Mpunga na Chumvi

Uwanda wa Mwea ulikuwa sehemu ya wilaya ya Embu mpaka mwaka 1963. Katika siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watu waliotiwa kizuizini walishurutishwa kuchimba mifereji huko, na maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yakaletwa katika nchi kavu. Hivyo jasho la wafungwa lilizaa mashamba ya mpunga yanayolisha watu wengi hata leo.

Lakini historia yatufundisha kwamba maji ya mfereji hayaji peke yake. Huchukua chumvi kidogo. Jua likiyakausha, chumvi hubaki udongoni, na pasipo njia ya kuiondoa huongezeka mwaka kwa mwaka. Zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, katika nchi ya Sumeri, ambayo leo ni sehemu ya Iraki, wakulima waliiacha ngano kidogo kidogo wakapanda shayiri, yenye kuvumilia chumvi zaidi. Wanahistoria kadhaa huona kwamba chumvi ilikuwa mojawapo ya sababu za badiliko hilo.

Je, chumvi huudhuru mmea kwa namna gani? Kila mmea huhitaji madini ya potasiamu ili chembe zake zifanye kazi. Sodiamu iliyomo katika chumvi hufanana nayo mno, kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji. Huingia mizizini, hupanda pamoja na maji hadi majanini, hushika mahali pa potasiamu, na majani hunyauka.

Shida hiyo waliijua sana wakulima wa pwani ya Bengali, huko Bara Hindi. Kwa vizazi vingi walitunza mpunga uitwao Nona Bokra, ambao haushindwi upesi na chumvi. Mwaka 2005 wataalamu wa China, baada ya kuuchanganya na mpunga wa Japani uitwao Koshihikari, walieleza siri yake. Jeni moja, waliyoiita SKC1, ya jamii ya jeni za kusafirisha potasiamu, hujenga kilango kando ya mishipa ya maji mizizini. Kilango hicho huitoa sodiamu kabla haijafika majanini, na potasiamu hubaki humo kwa wingi.

Basi siri ilielezwa na wataalamu, lakini iliwekwa na wakulima ambao majina yao hatuyajui. Nasi, pamoja na kuisafisha mifereji ya Mwea, tusizitupe mbegu za wazee wetu, kwa kuwa hatujui bado zimebeba nini.