Chikungunya ni Neno la Nani?

Sisi tunaoishi Umm Salal, kaskazini mwa Doha, hatukosi baraza za jioni, na barazani hakuna neno jepesi kama "nimesikia". Umesikia kwa nani? Hapo watu hunyamaza. Jirani yetu mmoja, muuguzi, alikuwa akiandika makala ya tiba. Akataka nimthibitishie kwamba "chikungunya" ni Kiswahili, maana makala tatu alizosoma zilisema hivyo. Nikamwambia: turudi kwenye chanzo.

Chanzo kipo. Mwaka 1952 hadi 1953 homa ya kuumiza viungo ilizuka Newala, katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaandika habari zake katika jarida la Uingereza la magonjwa ya nchi za joto. Jina walilolitumia lilikuwa la wenyeji, na kitenzi chake ni cha Kimakonde: kungunyala, yaani kukauka na kujikunja.

Mwaka 2004 homa hiyo ikalipuka Lamu na Mombasa, ikavuka hadi Komoro, Réunion na India. Makala zikamiminika, na katika nyingi Kimakonde kikageuka Kiswahili. Huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu mwingine, bila kuyafungua maandishi ya 1955.

Wala si kwamba taratibu hazikuwepo. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana namna moja ya kupanga makala. Marejeo hupewa nambari kwa mfuatano wa kutajwa, na orodha huwekwa mwishoni. Warithi wao wanasisitiza pia kwamba mwandishi ataje utafiti wa asili kila inapowezekana. Nambari humwonyesha msomaji njia, lakini haithibitishi kuwa mwandishi mwenyewe aliipita. Kosa lililopangwa vizuri hubaki kosa.

Kuna atakayesema: si tunasifiwa Waswahili, tulalamikie nini? Lakini Wamakonde ndio waliougua, wakaitazama dalili na kuipa jina ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo. Kuwanyang'anya neno hilo ni kuufuta ushahidi wao.

Muuguzi wetu alifuta "Kiswahili", akaandika "Kimakonde", na mbele yake akaweka nambari ya makala aliyoisoma mwenyewe. Mwenye chake apewe chake.