Mji Uliobomolewa na Bahari Ukainuliwa na Bahari

Brighton ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza.

Hapo kale ulikuwa mji wa wavuvi, na jina lake Brighthelmstone. Tufani za mwaka 1703 na 1705 zilibomoa nyumba zilizokuwa ufuoni, umaskini ukazidi. Kisha, mwaka 1750, tabibu Richard Russell aliandika kitabu kusema kwamba maji ya bahari ni dawa, ya kuoga na hata ya kunywa. Wagonjwa matajiri wakaanza kumiminika. Mwaka 1783 akaja mwana wa mfalme, aliyetawala baadaye kwa jina la George IV. Tangu mwaka 1815 mjenzi John Nash alilivika jumba lake makuba mfano wa majumba ya Bara Hindi. Na katika vita vilivyoanza 1914, humo walitibiwa askari wa Kihindi waliojeruhiwa.

Reli ya kutoka London ilipofika mwaka 1841, starehe ya wakubwa ikawa ya watu wote. Magati ya matembezi yakajengwa juu ya maji. Lile la mwaka 1866 lilifungwa 1975, likaungua 2003; mifupa yake ya chuma ingali yaonekana baharini. Lile la mwaka 1899 lingali lapokea wageni.

Wazee wetu walinena kwamba bahari haishi zinge. Watu wa Brighton wameyaona hayo kwa macho yao, wala hawakuihama pwani yao.