Walemavu mbele ya kamera: kutoka Kinshasa hadi Kisangani



Katika chumba cha video, jenerata ikivuma nyuma ya ukuta, mlemavu tunamjua kabla hajasema neno. Ni yule aliyelogwa. Mwisho wa filamu ataombewa atembee, ama atakufa. Na sisi tunarudi nyumbani na somo hilo: mgeni akija, mtoto asiyetembea anapelekwa chumba cha nyuma.

Mwaka 2010 watu wa Kinshasa waliitikisa picha hiyo. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikuwa wamewafuata kwa miaka kadhaa wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao wenye miguu iliyopoozwa na polio, wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama, wakiendesha baiskeli zao za magurudumu matatu. Kijana Roger Landu alipiga chombo cha waya mmoja na kopo. Filamu yao, Benda Bilili!, ilionyeshwa Cannes mwaka huohuo. Walikuwa pia na wimbo wa kuhimiza wazazi wachanje watoto polio, na kwa hilo peke yake wanastahili shukrani. Lakini mimi jambo moja linanisumbua: pale mlemavu anapendwa kwa sababu ameshinda. Asiyejua kupiga gitaa je?

Jibu lilitoka Kisangani, mji ambao watu wa Walikale wanaufikia kwa barabara ya Lubutu. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo, mabomu yakiangukia nyumba za raia. Mamia walikufa. Waliobaki bila miguu au mikono walingoja fidia miaka na miaka.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata na kamera. Katika En route pour le milliard, ya mwaka 2020, wanapanda boti na kushuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai haki yao. Mvua inawapiga, wanagombana, wanapika, wanalalamika juu ya miguu ya bandia isiyowafaa. Mbele ya bunge wanazuiliwa. Hakuna muujiza, hakuna uchawi. Kuna deni, na kuna anayedaiwa.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 225 kati ya hizo kwa madhara waliyopata watu.

Nayaandika haya kwa sababu kamera zimefika pia kwenye kambi zetu. Zinapiga picha ya mguu uliokatwa, kisha gari linaondoka. Jina la mtu halikuulizwa. Nami kwa redio nimefanya kosa hilohilo: nilianza na bomu.

Siku hizi naanza na kazi. Mzee mmoja wa Masisi, anayetembea kwa magongo, nilimuuliza alikuwa anafanya nini kwao. "Mimi niko mufugaji," akasema. Hakusema "nilikuwa". Alinieleza kirefu juu ya ng'ombe, maziwa na namna ya kukamua fromaji. Juu ya mguu alisema sentensi moja, kisha akaniuliza kama najua nani anaandikisha majina ya wanaodai.