Chang'ombe na Ufunguo Wenye Chipu
Husemwa kwamba mafundi umeme wa magari wa Temeke hushindwa kufunga rimoti ya kuwashia injini kwenye gari la Ulaya kwa sababu hawakusoma. Historia haikubali. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapohapo Temeke, eneo la Chang'ombe, na tangu biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yamewafundisha wengi kazi hiyo: vuta waya wa swichi, weka rilei, stata inazunguka, kiyoyozi kinamtangulia mwenye gari.

Kilichobadilika ni sheria ya mbali. Wizi wa magari ulipozidi, Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya, kuanzia Oktoba 1998, yawe na kizuizi cha injini. Lisipoitambua chipu ya ufunguo, gari haliwaki hata waya zikiunganishwa kwa ustadi gani. Ndiyo maana wengine huficha ufunguo wa akiba chini ya dashibodi ili chipu yake isomwe, ujanja ambao, tuseme ukweli, humrudishia mwizi nusu ya alichonyang'anywa. Atakayejibu kwamba siku hizi kuna kompyuta za kusoma misimbo ana hoja, ila haitoshi: kifaa hununuliwa, lakini siri za mfumo hubaki kwa mtengenezaji. Na mbali na chipu, gari la gia za mkono lina hatari yake: likiachwa ndani ya gia, likiwashwa kwa rimoti linaruka.