Gia na Milima ya Nyabusozi: Historia Fupi ya Jasho

Teknolojia haisambai kama maji yafuatayo mteremko. Husambaa kwa uamuzi wa watu: nani auziwe, kwa bei gani, na nani afundishwe kuitumia. Baiskeli ni shahidi mzuri wa ukweli huu, na hasa kipande chake kimoja, yaani gia.

Mwaka 1902, katika mji wa Nottingham, Uingereza, Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh, alianzisha kampuni ya Sturmey-Archer, iliyotengeneza gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hata hivyo, Raleigh zilizozoeleka Tanganyika wakati wa ukoloni zilikuwa nzito, imara, na kwa kawaida zenye sproketi moja tu nyuma. Phoenix za China na Hero za India zilizofuata zilidumisha umbo hilohilo. Uhuru ulibadili bendera na nchi inakotoka baiskeli, haukubadili sproketi.

Maana ya jambo hili huonekana vizuri zaidi katika nchi ya milima. Katika Kirundi na Kinyarwanda, *umusozi* ni mlima, na sikio la jirani halitakosa kuusikia mlima ndani ya jina la Nyabusozi, kata ya Wilaya ya Biharamulo. Kutoka Lusahunga, barabara kuu hupanda na kushuka kupitia Ngara hadi daraja la Rusumo. Anayesafirisha mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa katika nchi hii huteremka akiwa juu ya baiskeli, kisha hupanda akiikokota.

Tufanye hesabu. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu mara tatu, takriban mita sita. Zote mbili zikiwa na meno 34, mzunguko huo husogeza baiskeli mita mbili tu. Mguu utazunguka mara tatu zaidi, lakini kila mzunguko utadai theluthi moja ya nguvu. Gia haipunguzi mlima. Huugawa katika vipande ambavyo mwili wa binadamu unavimudu.

Wapo waliouona unafuu huo kuwa aibu. Nchini Ufaransa, Paul de Vivie wa Saint-Étienne alitumia miaka mingi kuzitetea gia. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alizipinga. Aliandika kwamba zinawafaa watu waliovuka umri wa miaka 45. Vifaa vinavyohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine viliruhusiwa kwa wote katika mashindano hayo mwaka 1937 tu. Tuzingatie nani alikuwa akiisifu taabu: mhariri wa gazeti, si mwenye kukanyaga pedeli katika mashindano hayo.

Jirani zetu wanatuonyesha njia mbili. Nchini Burundi, katika barabara ya milimani itokayo Bujumbura kuelekea Bugarama, wasafirishaji wa ndizi wamezoeleka kwa kushikilia malori ili yawavute kupanda. Gia waliyonyimwa wameitafuta nyuma ya lori, kwa kuhatarisha maisha. Nchini Rwanda, katika muongo wa 2000, wakulima wa kahawa walikopeshwa baiskeli ndefu za mizigo zenye gia. Na Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 juu ya vilima, na hakuna aliyethubutu kuja na sproketi moja.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba baiskeli isiyo na gia ina fadhila zake: ni rahisi, na fundi wa chini ya mti huitengeneza kwa spana chache. Baiskeli za mitumba zenye gia tayari zinatufikia, lakini mara nyingi waya wake ukikatika, mwenyewe huiacha cheni katika sproketi moja na kurudi alikotoka. Hapa kinachokosekana ni maarifa na vipuri, wala si akili.

Maarifa yenyewe hayazidi somo la siku moja. Katika baiskeli nyingi, mkono wa kulia huamuru sproketi za nyuma na wa kushoto za mbele. Gia hubadilishwa pedeli zikiwa zinazunguka, baada ya kulegeza mguu kidogo, na kabla ya mlima kuanza. Anayengoja hadi amekwama katikati ya mwinuko huilazimisha cheni ikiwa imebeba uzito wote, nayo hulia, huruka, au hukatika. Cheni isivutwe mshazari, kutoka sproketi kubwa ya mbele hadi kubwa kabisa ya nyuma.

Somo hili linastahili kuingia katika vyuo vya VETA, na bei ya waya na sproketi istahili kujadiliwa katika halmashauri kama inavyojadiliwa bei ya mbolea. Mtumishi wa umma anayepanga barabara za Biharamulo na Ngara huhesabu malori. Amhesabu pia anayekokota. Kwa zaidi ya miaka mia moja dunia imejua namna ya kumpunguzia mzigo. Kuendelea kuliita jasho lake uvumilivu wa mwananchi ni kuirudia hoja ya Desgrange kwa Kiswahili.